Hofu ya ugonjwa wa ALS na misuli inayochezacheza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye msuli ulimcheza siku kadhaa, akaingia mtandaoni kutafuta sababu, akakutana na herufi tatu, ALS, na tangu hapo hajalala vizuri. Ni wa mkewe au mumewe pia. Usome mara moja, taratibu, kisha ufanye yaliyoelekezwa. Ukiurudia kila hofu inapopanda utakuwa unailisha hofu yenyewe, kwa sababu inayoelezwa kwenye swali la 9.

## Mambo ya msingi

1. ALS ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa unaoua taratibu seli za neva zinazoiamuru misuli ifanye kazi. Baadhi ya seli hizo ziko kwenye ubongo. Nyingine zinaanzia kwenye shina la ubongo na uti wa mgongo na kufika kwenye msuli wenyewe. Zikifa, msuli hukosa amri, hudhoofika na kusinyaa, na hatimaye mgonjwa hushindwa kutembea, kuzungumza, kumeza na kupumua. Aliyeueleza vizuri kwanza ni daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, kati ya 1869 na 1874. Wengi wetu tuliusikia kupitia mwanafizikia Stephen Hawking, au zile video za mwaka 2014 za watu kujimwagia ndoo za maji ya barafu.

Ni ugonjwa mbaya, na hatutaupaka sukari. Lakini ni wa nadra. Katika nchi za Ulaya unawapata kama watu 2 kati ya kila 100,000 kwa mwaka, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 50. Hawking aliambiwa anao mwaka 1963, akiwa na miaka 21, akaishi hadi 2018. Si mfano wa kawaida kwa umri wala kwa muda.

2. Misuli yangu inachezacheza mwili mzima. Si ndiyo dalili yenyewe?

Msuli kucheza peke yake, bila udhaifu wa kweli na bila kusinyaa, karibu kila mara hauna madhara. Watu wengi wenye afya njema huchezwa na misuli: kope, shavu la mguu, paja, kidole gumba. Jicho likicheza, wengi tumelelewa kusema kuna mgeni yuko njiani au kuna kilio. Ni jambo la kila siku kiasi hicho.

Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 121 waliokuwa na misuli inayochezacheza huku uchunguzi wao mwingine wa neva ukiwa safi. Walifuatiliwa kwa miaka 2 hadi 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ALS.

Utaratibu wa matukio ndio wa kuangalia. Katika ALS neva hufa, msuli ukapoteza nguvu, na kucheza ni alama ya neva zinazokufa. Kwa hiyo mgonjwa kwa kawaida huja hospitali akisema "mkono haushiki" au "mguu unaburuza", na ni daktari anayeona misuli ikicheza. Mwenye hofu huja akisema misuli inacheza, huku mkono unasonga ugali kama zamani.

3. Kama si ALS, kwa nini inacheza?

Neva ikichokozeka kirahisi, msuli hucheza. Vichokozi vinavyojulikana ni kukosa usingizi, uchovu wa mazoezi au kazi nzito, pombe, sigara, upungufu wa magnesi au kalsiamu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na baadhi ya dawa, kama salbutamol ya pumu. Miraa, au mirungi kwa wanaoiita hivyo, ina kathinoni inayosisimua neva na kumnyima mtu usingizi. Hiyo ni dozi mbili kwa mpigo. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu navyo ni hivyohivyo. Kopo la mililita 250 huwa na takribani miligramu 80 za kafeini, na kiwango kinachohesabiwa kuwa salama kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku. Chai kavu asubuhi, kahawa mchana na makopo mawili jioni, unakaribia kikomo bila kujua.

Kisha kuna hofu yenyewe. Mtu mwenye wasiwasi hupumua kwa kasi na kwa juujuu. Hewa chafu hutoka mwilini kupita kiasi, damu hubadilika, na kalsiamu iliyo huru ndani yake hupungua kwa muda. Matokeo ni ganzi midomoni na vidoleni, na misuli kucheza. Mwenyewe akiona hivyo huogopa zaidi, anapumua kwa kasi zaidi, na gurudumu linazunguka. Ndiyo maana misuli ya wengi ilianza kucheza mwili mzima baada ya kusoma kuhusu ALS, si kabla.

4. Lakini mguu wangu mmoja nauhisi dhaifu.

Kuhisi udhaifu ni jambo moja, kushindwa kazi ni jambo jingine. Katika ALS msuli unashindwa: kandambili inavuka mguuni kwa sababu kidole hakinyanyuki, ufunguo haugeuki, vifungo vya shati havifungiki, ndoo uliyokuwa ukibeba kila siku haiinuki. Na haibadiliki kwa saa wala kwa hali ya moyo; kilichoshindikana asubuhi kitashindikana jioni, na mwezi ujao kitazidi.

Mguu unaouhisi mzito ukikaa na kuufikiria, lakini unapanda nao ngazi kukimbilia daladala, ni mguu uliochoka au uliokazwa kwa wasiwasi. Mtu anayejikaza bila kujua saa nzima atatetemeka na kuchoka, kama yeyote aliyeshika mzigo muda mrefu.

5. Nina ganzi na kuchomachoma pia. Hiyo ni dalili mbaya zaidi?

Kwa upande wa ALS, ni kinyume chake. ALS hushambulia neva za mwendo, si za hisia. Ganzi, kuchomachoma na hisia za kutambaliwa na wadudu huelekeza kwingine: kupumua kwa kasi (swali la 3), kisukari, upungufu wa vitamini B12, neva iliyobanwa kwenye kiwiko au kiganja, au dawa. Anayemeza isoniazid ya kifua kikuu aseme kliniki mara moja, kwa sababu ganzi yake huzuiwa na vitamini B6. Ganzi isiyokwisha inastahili kupimwa kwa sababu zake yenyewe, kuanzia na sukari kwenye damu.

## Kupimwa

6. Ni wakati gani nisingoje, niende hospitali?

Nenda leo hii, kitengo cha dharura, ukipata ghafla uso kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au maneno kutotoka. Hizo ni dalili za kiharusi, na kila dakika ina thamani. Vivyo hivyo degedege la mara ya kwanza, au miguu kulegea pamoja na kushindwa kuzuia mkojo.

Panga kumwona daktari ndani ya siku chache au wiki moja kama kuna kazi ambayo kiungo kimeshindwa na hakijarudi, msuli unaosinyaa ambao watu wengine wameuona bila kuulizwa, ulimi kuwa mzito kiasi cha watu kukuuliza "umesemaje?", kupaliwa mara kwa mara na maji au chakula, kukonda bila sababu, au kukosa pumzi ukilala chali.

Misuli inayocheza tu, hata kwa miezi, haina haraka. Hata hivyo uchunguzi mmoja mzuri ni haki yako, na tunaupendekeza, kwa sababu kazi ya kutuliza hofu ni ngumu kuianza ukiwa hujapimwa kabisa.

7. Nimwambie nini daktari, na atapima nini?

Andika nusu ukurasa kabla ya kwenda: dalili ilianza lini, wapi, kuna kazi gani imeshindikana (kama hakuna, andika hakuna), dawa zote unazotumia pamoja na za asili, pombe, miraa, kahawa, saa za kulala. Kisha sema wazi: "Ninaogopa ALS." Wengi huficha sentensi hiyo kwa aibu, daktari anatibu "maumivu ya misuli", na mgonjwa anarudi nyumbani na hofu ileile.

Uchunguzi wa mikono ndio wenye uzito. Daktari atapima nguvu ya kila kundi la misuli, atagonga magoti na viwiko kwa nyundo ndogo, atakwaruza unyayo aone kidole gumba kinaelekea juu au chini, atatazama ulimi, atakuambia utembee kwa visigino na kwa vidole. Mtu mwenye wasiwasi mara nyingi magoti yake huruka sana. Hilo peke yake si ugonjwa. Kwenye damu, vinavyofaa ni kalsiamu, magnesi, potasiamu, homoni ya tezi, sukari, na kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK. Usifanye mazoezi mazito siku tatu au nne kabla ya kipimo cha CK, kwa sababu mazoezi hukipandisha, nawe utaanza hofu mpya juu ya namba isiyo na maana.

Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kuyafanya haya yote. Akiona kitu, atakupa rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, ambao wengi wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC, Kenyatta au Mulago. Kipimo cha picha ya MRI hakionyeshi ALS. Huombwa ili kuondoa magonjwa mengine, kama uti wa mgongo kubanwa. Usikilipie mwenyewe kwa ajili ya misuli inayocheza.

8. EMG ni kipimo gani? Kinauma? Nikirudie?

Ni kipimo cha umeme wa neva na misuli, na kwa kawaida kina sehemu mbili. Kwanza neva hushtuliwa kwa umeme mdogo juu ya ngozi, mkono au mguu unaruka kidogo. Kisha sindano nyembamba huingizwa kwenye misuli kadhaa, ukiulegeza kisha ukiukaza, na mashine husikiliza. Chote huchukua kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Kinauma kama sindano ndogo kadhaa. Siku hiyo usipake mafuta wala losheni, na useme mapema kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda au una kifaa cha kusaidia moyo.

EMG huweza kuona msuli uliopoteza neva hata kabla mwenyewe hajatambua udhaifu. Kwa hiyo kama kiungo unacholalamikia kimepimwa na mtaalamu na majibu ni safi, wakati malalamiko yana miezi kadhaa, swali limejibiwa. Si lazima sindano iwe imeingia pale hasa panapocheza.

Kukirudia bila dalili mpya ambayo daktari ameiona hakukupi chochote. Tunalisema hili kwa uzito, kwa sababu watu wanauza mali kwa ajili ya EMG ya tatu. Utulivu wa ya kwanza ulidumu wiki mbili, wa pili siku nne. Wa tatu utaisha kabla hujashuka ngazi za hospitali.

## Hofu inavyofanya kazi

9. Daktari amesema sina kitu. Mbona utulivu hauzidi siku mbili?

Kwa sababu unachotafuta ni uhakika wa asilimia mia, na hakuna binadamu aliye nao juu ya mwili wake. Kila unapojipima, unapouliza au unaposoma, hofu hushuka kidogo. Ubongo unajifunza kwamba kilichokuokoa ni kujipima, na kwamba kweli kulikuwa na hatari. Mara ya pili unaidai dozi hiyohiyo mapema zaidi. Mchezo huu hauvunjwi kwa jibu bora zaidi, bali kwa kuacha kudai jibu.

Hofu unayoihisi ni ya kweli na inachosha mwili kweli. Hujifanyi, na wala si mwoga. Kinachotakiwa kutibiwa ni hiyo hofu, kwa bidii ileile ambayo ungetibu shinikizo la damu.

10. Kujipima mwenyewe kuna ubaya gani? Si ni tahadhari?

Vipimo vya nyumbani vinatengeneza ushahidi wa uongo. Toa ulimi nje mbele ya kioo: utatetemeka, wa kila mtu hutetemeka ukitolewa. Daktari huutazama ukiwa umetulia ndani ya mdomo. Simama kwa mguu mmoja mara thelathini kwa siku, shavu la mguu litauma na kucheza. Minyaminya kiganja ukilinganisha kulia na kushoto: mkono unaotumia zaidi ni mnene zaidi, na mashimo madogo ya misuli hupatikana kwenye kila mwili. Rudia maneno magumu kwa sauti ili kuona kama ulimi ni mzito, utajikwaa kwa sababu unajisikiliza.

Macho nayo huona yanachotafuta. Anayekaa kimya akisubiri msuli ucheze atahisi michezo midogo ambayo mwili hufanya kila siku bila kutambuliwa.

11. Je, kuuliza mtandaoni, au kuuliza programu za akili bandia, ni sawa na kumwuliza daktari?

Hapana. Daktari ameshika mguu wako. Hizo zimesoma maneno yako tu. Makundi ya wagonjwa yana kasoro nyingine: waliopona hofu wameondoka, wamebaki waliotishika, na hadithi moja ya kusikitisha inazama moyoni kuliko mia zilizoisha salama. Programu ya mazungumzo itakujibu kwa upole saa 9 usiku mara hamsini bila kuchoka, na hapo ndipo inapokuwa kitendo cha kujihakikishia kisicho na mwisho.

12. Kwa hiyo nina ugonjwa wa akili?

Hofu ya ugonjwa inayodumu takribani miezi sita na kuvuruga kazi, ndoa au usingizi ina jina kwenye vitabu vya tiba, na ina matibabu yanayofanya kazi vizuri. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu 2022 umeiweka karibu na ugonjwa wa kurudiarudia mawazo na vitendo, na uwekaji huo unasaidia: tatizo ni kurudiarudia. Hakuna uhusiano na kuchanganyikiwa, na hutapelekwa wodini kwa sababu ya hofu hii.

## Kutoka kwenye hofu

13. Nianzie wapi, hatua kwa hatua?

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Chukua daftari, na kila unapojipima, unapouliza au unapotafuta mtandaoni, piga mstari mmoja. Hesabu jioni. Watu wengi hudhani ni mara tano, daftari likasema arobaini.

Wiki ya pili chagua kitendo kilicho chepesi zaidi kukiacha, na ukicheleweshe. Hamu ya kuangalia ulimi ikija, ngoja dakika 10 ukiendelea na kazi. Siku mbili baadaye dakika 30, halafu saa moja. Pima hofu kwa namba, 0 hadi 10, mwanzo na mwisho wa kungoja. Utaona inashuka yenyewe bila kioo, na hilo ndilo somo ambalo ubongo haukuwahi kulipata.

Wiki ya tatu na ya nne acha kitendo hicho kabisa, kisha anza kingine. Tarajia hofu kupanda siku za mwanzo. Kupanda huko ndiko kunaonyesha umegusa penyewe.

Hatua inayofuata ni ngumu, na ni bora uifanye na mtaalamu wa saikolojia akiwepo: andika kwa mkono nusu ukurasa unaoanza, "Huenda siku moja nikapata ALS. Sina njia ya kujua kwa uhakika." Usiongeze neno la kujifariji. Lisome kwa sauti dakika 20 kila siku hadi namba ya hofu ishuke nusu. Maneno yale yakisomwa kila siku huchosha, na kitu kinachochosha hakitishi.

Kinachoharibika mara nyingi ni kubadilisha kitendo kwa kingine cha siri: umeacha kioo, lakini unatembea kwa visigino ukienda msalani. Kingine ni kufanya zoezi la kupumua ili misuli itulie, kisha kuangalia kama imetulia. Lengo ni saa ulizorudishiwa za kuishi. Misuli ikicheza huku unacheka na wanao, umeshinda siku hiyo.

14. Usiku ndiyo mbaya zaidi. Nifanyeje?

Tenga dakika 20 za wasiwasi kila siku, tuseme saa 11 jioni, mezani na si kitandani. Wazo likija saa nyingine, liandike neno moja tu na ulingoje saa yake. Kahawa na miraa vikome kabla ya saa 8 mchana. Simu ilale chumba kingine. Kitandani pumua ndani kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, dakika 5, tumbo ndilo liinuke. Usipopata usingizi kwa dakika 20 hivi, amka, kaa kwenye mwanga hafifu ufanye jambo la kuchosha, urudi ukisinzia.

15. Nifanye mazoezi au nipumzishe misuli?

Fanya. Daktari akiwa amekukuta salama, kupumzisha misuli kwa hofu huidhoofisha kweli, na hapo unajitengenezea dalili. Anza na kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Misuli itacheza zaidi saa moja au mbili baada ya zoezi, ni kawaida. Ila usigeuze zoezi kuwa kipimo: ukihesabu kila siku unainua vyuma mara ngapi ili kuona kama umepungua, umerudi kwenye swali la 10.

16. Mume wangu ananiuliza mara ishirini kwa siku kama nadhani anaumwa. Nimjibu nini?

Ukimjibu "huna kitu" unampa dozi. Ukimfokea unampa upweke. Kubalianeni siku ambayo hofu iko chini, akiwa ameridhia mwenyewe, kwamba swali hilo halitajibiwa tena. Likija, sema kwa upole sentensi moja ileile: "Baba Asha, naona hofu imepanda. Tulikubaliana sitajibu hilo. Njoo tukae nje." Kisha mfanye jambo jingine kweli. Siku za kwanza atasisitiza, hata kukasirika. Usiongeze maelezo. Watoto wasitumwe kumwangalia mguu, hata kwa utani.

17. Kuna dawa?

Zipo. Zinazotumika zaidi ni fluoxetine na sertraline, kwa cheti cha daktari. Huanzwa kwa dozi ndogo, huchukua wiki 4 hadi 6 au zaidi kuonyesha kazi, na wiki mbili za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi. Zenyewe pia huweza kuleta kutetemeka na misuli kucheza. Afadhali ulijue hilo kabla ya kumeza. Usichanganye na tramadol bila daktari kujua, na usiziache ghafla. Chini ya miaka 25, mtu wa nyumbani awe karibu mwanzoni, kwa kuwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka.

Diazepam, ambayo baadhi ya maduka huitoa bila cheti, hutuliza usiku mmoja na kuleta uraibu ndani ya wiki chache. Tiba ya mazungumzo inayobadilisha fikra na tabia ndiyo yenye matokeo yanayodumu. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16. Uliza mtaalamu: "Unafanya tiba yenye mazoezi ya kuacha kujipima?" Kama vikao vyote ni vya kukuhakikishia kwamba huumwi, tafuta mwingine.

18. Nyumbani wanasema ni majini au nimerogwa, wanataka nikafanyiwe dua.

Dua na maombi vimewashika wengi wasianguke, na hatuoni sababu ya kumzuia mtu. Tunaomba mambo mawili. Usiache dawa au kliniki kwa ajili yake. Na ujichunguze: ukiomba ili umkabidhi Mungu usichokijua, unapumzika, ukirudia ombi lilelile mara mia hadi usikie "uhakika", ni kujipima kwa njia nyingine. Kiongozi wa dini anayeelewa atakusaidia kutofautisha. Epuka dawa za kienyeji ambazo hazijulikani zina nini ndani. Baadhi hudhuru ini na kukuletea dalili usizokuwa nazo.

19. Nimefika mahali nafikiria kufa kuliko kungoja.

Mwambie mtu mmoja leo, ana kwa ana, kwa maneno hayohayo. Usilale peke yako usiku huu; dawa na sumu za shambani ziondolewe ndani. Nenda hospitali yoyote yenye kitengo cha dharura na useme unafikiria kujiua, hilo ni tatizo la dharura kama kuvunjika mguu. Aliyeko Kenya anaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bila malipo. Mawazo haya hupungua hofu inapotibiwa.

## Hali za pekee

20. Nafanya kazi ya kupulizia dawa shambani, na misuli inacheza.

Hapa usisome zaidi kuhusu hofu. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti huchezesha misuli pamoja na jasho jingi, mate, machozi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo na kifua kubana. Toka shambani, vua nguo zote, oga kwa maji mengi na sabuni, nenda hospitali na chupa au lebo ya dawa. Kuna dawa ya kuipinga sumu hiyo.

21. Nimesoma kuhusu konzo, na kwetu tunakula muhogo.

Konzo hupiga ghafla, ndani ya siku, kwa kukakamaza miguu yote miwili, na haiendelei kuongezeka. Imetokea Kongo, Msumbiji na Tanzania, wakati wa ukame na njaa, kwa watu waliokula muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha kwa wiki nyingi huku protini ikikosekana. Muhogo wa kuchemsha wa kila siku mjini, pamoja na samaki au maharage, si hali hiyo.

22. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Hofu inanipata kwa kuwa najua sana?

Katika wale 121 wa swali la 2, kama theluthi moja walifanya kazi za afya. Kujua jina la ugonjwa bila kuwa umeona wagonjwa wengi wa misuli inayocheza tu ndiko kunakotisha. Usijipime kwa nyundo ya hosteli, na usimwombe mwenzako akupime. Pimwa na daktari asiye rafiki yako, mara moja.

23. Nilipona, ikarudi baada ya mwaka.

Kurudi ni kawaida, hasa baada ya msiba, mtoto kuzaliwa au habari za mtu maarufu kuumwa. Hakuhitaji uchunguzi mpya kama dalili ni zilezile. Toa daftari la swali la 13 na uanzie wiki ya pili. Ikiwa kuna jambo jipya lililo kwenye orodha ya swali la 6, hilo lipimwe, bila kujilaumu.

24. Kuna ndugu wa damu aliyekufa kwa ALS.

Asilimia 5 hadi 10 ya wagonjwa hutoka kwenye familia yenye zaidi ya mgonjwa mmoja, kwa jeni kama SOD1, iliyotambuliwa 1993, au C9orf72, iliyotambuliwa 2011. Ndugu mmoja tu, tena mzee, hatari yako inabaki ndogo. Wawili au zaidi wa ukoo mmoja, au ndugu mwenye ALS na mwingine aliyepata ugonjwa wa kusahau na kubadilika tabia akiwa bado na nguvu, ongea na daktari bingwa kuhusu ushauri wa jeni. Kipimo kisifanywe katikati ya wimbi la hofu: amua kwanza, ukiwa umetulia na mtu mwingine yupo, utafanya nini na jibu la ndiyo na utafanya nini na jibu la hapana. Kama huwezi kujibu lolote kati ya hayo, bado si wakati wake.